Piga tumba, piga kichwa cha mbegu, ua lenyewe liache kwanza

Mtu akishika kamera akaingia porini kitu cha kwanza anakimbilia ua lililochanua, na simlaumu, lina rangi na linaonekana toka mbali. Ila ukianza kusogea karibu, karibu kabisa, ua lililochanua ni gumu kulipiga likatoka tofauti na la wenzio wote. Tumba ambalo bado limefunga, na kile kichwa kinachobaki petali zikishadondoka, hivyo ndo vina umbo. Vina miiba, vina malaika (vile vinyweleo laini), vina ndoano, vina mistari iliyojipanga utadhani kuna fundi alikaa akaipima, na wanaohangaika navyo ni wachache. Hapa naelekeza jinsi ya kuvipiga kwa simu au kwa kamera, na nitakaa sana kwenye fokasi na upepo maana picha nyingi zinafia hapo.

Kwanza vifaa, tuvimalize haraka. Simu inatosha kuanzia. Simu nyingi za sasa zina makro, yaani hali ya kupiga karibu sana, inayoweza kufokasi ukiwa sentimita chache tu kutoka kwenye kitu, shida ni kwamba mara nyingi inatumia ile lenzi pana, kwahiyo unalisogelea tumba mpaka simu yenyewe inalizibia mwanga, na huko nyuma kinaonekana kila kitu, majani, mawe, hadi viatu vyako. Mi nashauri ujaribu na njia ya pili: kama simu yako ina lenzi ya zumu ya mara 2 au 3 itumie hiyo, rudi nyuma kidogo mpaka ifokasi, afu picha uikate baadaye. Nyuma kunatulia zaidi na mwanga hauzibi. Na kuna simu zinabadilisha lenzi zenyewe katikati ya kazi bila kukuuliza, ukiona picha kwenye skrini imeruka ghafla ujue ndo hiyo, ingia kwenye setingi uizime.

Kwa wenye kamera, lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 ndo rahisi kuliko zote, inakupa ukubwa halisi, yaani tumba la sentimita 1 linakaa sentimita 1 kwenye sensa (kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha), na bado hulazimiki kuligusa na pua. Kama huna usiuze mbuzi, kuna njia mbili za bei ndogo, ila watu wanazichanganya ipi inafaa lenzi ipi. Tyubu, zile pete tupu zisizo na kioo zinazokaa kati ya lenzi na bodi, zinafaa lenzi fupi. Hesabu yake ni urefu wa tyubu gawanya kwa urefu wa lenzi, kwahiyo tyubu ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inakuongezea nusu ya ukubwa halisi, ila hiyohiyo ukiipachika kwenye lenzi ya 200 unaambulia moja ya nane tu. Kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi kilichoandikwa +4 au +10 ni kinyume chake, kinafaa lenzi ndefu. Ukiwa umeseti lenzi kwenye mbali kabisa, +4 inafokasi kitu kilicho sentimita 25 mbele yake, na kwenye lenzi ya 200 unapata kama 0.8 ya ukubwa halisi, wakati kwenye lenzi ya 50 unapata 0.2 ambayo ni kazi bure. Mwenye lenzi ndefu anunue kioo, mwenye fupi anunue tyubu. Na tyubu hakikisha zina zile pini za umeme, zisizo nazo kwenye kamera nyingi za kisasa huwezi kubadilisha apecha, kile kitundu cha lenzi kinachopitisha mwanga.

Unene wa fokasi

Sasa hapa ndo penyewe. Ukiwa kwenye ukubwa halisi na kamera ya sensa kubwa, kwenye f/8 (ndo namba ya apecha, ikipanda kitundu kinakuwa kidogo) sehemu iliyo safi ina unene wa milimita 1 hivi. Moja! Ukifunga mpaka f/16 unapata kama 2. Tumba la kawaida tu lina unene wa milimita 8 au 10, kwahiyo huwezi kulipata lote, kubali hilo kabla hujatoka nyumbani, na swali lako libadilike, usijiulize nitapataje yote safi, jiulize hii milimita moja naiweka wapi.

Jibu la kwanza ni kupanga pembe. Ile sehemu safi fikiria ni karatasi imesimama wima mbele ya lenzi, iko sambamba na sensa. Chochote kinachoikata hiyo karatasi kinakuwa safi, kilichobaki mbele au nyuma kinayeyuka. Ukipiga tumba kwa mshazari, ncha imekuelekea na kikonyo kimeenda nyuma, karatasi inakata kipande kidogo tu. Ila ukizunguka ubavuni ukaiweka sensa sambamba na urefu wa tumba, karatasi ileile inapita toka kikonyo mpaka ncha, na ghafla unaonekana una lenzi ya maana. Hujanunua kitu, umezunguka tu hatua moja. Kwa vichwa vya mbegu vilivyo bapa kama alizeti unafanya vilevile ila toka juu, kamera inatazama chini sawasawa, ukiinama vibaya kidogo tu upande mmoja wa duara unapotea.

Jibu la pili watu hawalipendi: rudi nyuma. Kwenye nusu ya ukubwa halisi, f/8 ileile inakupa karibu milimita 3, yaani mara tatu, na sensa za sasa zina pikseli za kutosha kukata. Sio kila tumba lazima lijaze fremu.

Na kufunga apecha kuna mwisho wake. Ukiwa karibu hivyo lenzi inapoteza mwanga na apecha inafanya kazi kama ndogo kuliko ilivyoandikwa, kwenye ukubwa halisi f/16 yako kiuhalisia ni kama f/32, na hapo mwanga unapinda kwenye kitundu na picha nzima inalainika, hata ile sehemu uliyoifokasi. Mi huwa siendi zaidi ya f/11 kama sina sababu. Kuna wanaofunga mpaka f/22 afu wanalalamika lenzi mbovu.

Kufokasi kwenyewe, ile ya otomatiki inahangaika, inakwenda mbele inarudi nyuma, inashika jani la nyuma. Izime. Seti ukubwa unaoutaka kwa kuzungusha pete, afu usiguse tena, sogeza kamera yenyewe au mwili wako mbele nyuma taratibu kwa milimita, ukiona ile sehemu unayoitaka imewaka bonyeza, na usibonyeze moja, piga tatu nne mfululizo wakati unayumba, kuna moja itakuwa imeangukia penyewe. Kama uko kwenye traipodi, ile stendi ya miguu mitatu, kuza picha ya skrini mara 10 ufokasi hapo, afu weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise. Kwenye simu gusa tumba kwenye skrini na ushikilie, nyingi zinafunga fokasi hapo, kisha cheza na mwili vilevile.

Uiweke wapi sasa? Kwenye tumba naangalia pale sepali, vile vijani vinavyolifunika, zinapoanza kupasuka na rangi ya ndani inachungulia, jicho la mtazamaji linaenda hapo lenyewe. Kama tumba limefunga kabisa basi ncha, au ule mstari wa malaika unaochora ukingo. Kwenye kichwa cha mbegu chagua mbegu moja. Moja tu, iliyojitokeza kuliko wenzake, ikiwa safi hiyo zingine zinaruhusiwa kuwa ukungu na picha inasomeka, ila ukifokasi katikati ya mbegu mbili hakuna hata moja iliyo safi na picha inakuwa ya kubahatisha.

Upepo

Upepo ambao hauusikii usoni unalitikisa tumba nusu sentimita, na wewe una milimita moja. Piga hesabu.

Asubuhi na mapema ndo kuna utulivu, jua likishapanda ardhi inapata joto na hewa inaanza kutembea. Hata hivyo upepo haupigi muda wote, unakuja kwa mawimbi, kuna sekunde mbili tatu kila kitu kinasimama, kwahiyo angalia majani ya mbali sio tumba lako, yakitulia yale ujue lako linafuata, weka kidole tayari. Hii subira inakera mwanzoni ila ndo nusu ya kazi yote. Kaa upande unaotoka upepo, mwili wako uwe ukuta, au simamisha begi. Kikonyo kirefu kishikilie, chomeka kijiti ardhini na ukibane na kibanio cha nguo kwa kulegeza, chini kabisa nje ya fremu, usikivunje. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, kama umeshika mkononi isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, na kukiwa na upepo panda 1/500 au zaidi, aiso (ile seti ya wepesi wa sensa kwa mwanga) ipande inavyotaka, chengachenga zinapunguzika kwenye kuediti lakini picha iliyotikisika hairekebishiki. Na pumzi yako mwenyewe ni upepo, ukiwa na kichwa cha manyoya meupe sentimita 10 mbele yako pumua pembeni, la sivyo utabaki unapiga kikonyo kitupu.

Mwanga

Jua la saa sita ni adui wa vitu hivi. Siku ya mawingu ni nzuri kwa matumba, kila kitu kinapata mwanga sawa na rangi zinakaa. Kama jua ni kali kata kipande cha kitambaa cheupe chepesi au karatasi nyembamba, kishike kati ya jua na tumba, karibu na tumba kadiri unavyoweza, utaona vivuli vikali vinalainika palepale. Upande ulio gizani rudishia mwanga kwa karatasi nyeupe tu, foili nayo inafanya kazi ila inang'aa mno.

Lakini kwa chochote chenye malaika au manyoya mwanga utoke nyuma. Hili silijadili. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, jiweke ili tumba liwe kati yako na jua, na jua lenyewe liwe nje kidogo ya fremu. Kila nywele inawaka pembeni kama waya, na tumba ambalo ukiliangalia toka mbele ni kijani tu cha kawaida linapata mstari wa mwanga kulizunguka. Ziba lenzi na kiganja jua lisiingie moja kwa moja la sivyo picha inapauka yote. Tafuta bakgraundi ya kivuli huko nyuma, kichaka kilicho gizani kinafaa sana, na hapo kamera itadanganyika, itaona giza na kutaka kuangaza picha yote, kwahiyo shusha mwanga kwa -1 au zaidi kwenye ile setingi ya +/- mpaka zile nywele zibaki na umbo badala ya kuwa doa jeupe.

Kuhusu bakgraundi, kabla hujabonyeza pitisha jicho kwenye pembe nne za fremu. Kijiti chenye mwanga huko nyuma kinaua picha. Mara nyingi dawa ni kushusha kamera sentimita tano au kusogea kushoto kidogo, ukiwa karibu hivi na lenzi ndefu badiliko dogo la mkao linabadilisha kila kilichoko nyuma. Chagua tumba ambalo nyuma yake kuna nafasi, mita moja au mbili za hewa tupu, sio lile lililozungukwa. Lala chini. Vaa nguo unayokubali ichafuke.

Au beba kadi. Kipande cha boksi, upande mmoja kijivu upande mmoja cheusi, unakisimamisha nyuma ya mmea kwa umbali wa mkono. Wapo wanaosema huko ni kudanganya, mi naona sio. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyefariki mwaka 1932, alikuwa mwalimu wa sanaa Berlin na alipiga matumba, vikonyo na vichwa vya mbegu kwa miaka zaidi ya thelathini kwa kamera ya kujitengenezea, akivikuza hadi mara 30, na nyuma aliweka bakgraundi tupu tu, isiyo na kitu. Hakuna rangi, hakuna mandhari, na picha zake mpaka leo ni shule. Ukitaka umbo liongee lenyewe, ondoa kila kitu kingine.

Mmea mmoja mmoja

Popi wa mwitu tumba lake linainama kichwa chini, limefunikwa na sepali mbili zenye nywele ngumu, na likikaribia kuchanua linanyanyuka na sepali zinapasuka na kudondoka. Ule muda ambao kuna ufa na rangi iliyokunjamana inaonekana ndani ndo wa kuusubiri, na hausubiri mtu, ukiona jioni tumba limeshanyooka rudi kesho yake alfajiri. Matumba machanga pia yanapendwa na vidukari, na vidukari vinaleta sisimizi wanaofuata ule utomvu mtamu vinaoutoa, usiwapanguse kwanza, waangalie, wanaweza kuwa picha nzuri kuliko tumba.

Dandelioni na jamaa zake, wale wenye mpira wa manyoya meupe. Mbegu moja ya dandelioni ina nyuzi kama 100 juu yake, na sehemu kubwa ya hicho kimwavuli ni hewa tupu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionesha kwamba hewa inayopenya kati ya nyuzi inatengeneza kipete cha upepo kinachoelea juu ya mbegu bila kugusana nayo, na ndo kinachoisaidia kukaa angani. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba mwanga nao unapenya, kwahiyo mpira huu ukiupiga kwa mwanga wa mbele unapata fungu la pamba, ukiupiga na mwanga wa nyuma unapata kila uzi. Afu kuna mtego, nyuzi zinajifunga hewa ikiwa na unyevu. Umande unaoupenda kwa matumba, kwa mpira huu ni balaa, utaukuta umesinyaa, subiri ukauke na uombe upepo usiamke kabla yako. Usipige mpira mzima kila siku, subiri mbegu nusu ziondoke, pale kitako kinapobaki na vishimo na mbegu tatu nne zimeng'ang'ania.

Kishona nguo unakijua kwenye suruali yako. Mbegu nyeusi nyembamba, kichwani ina miiba miwili hadi minne na kila mwiba una vijino vinavyotazama nyuma ndo maana ukiivuta inagoma. Vijino hivyo ni vidogo sana, hapa utahitaji ukubwa halisi au zaidi, bakgraundi nyepesi ya rangi moja, na mbegu iwe ubavu kabisa ili ukingo wake uchoreke. Vichwa vya mbegu vya burdoki, mmea mwingine unaong'ang'ania nguo, ni vilevile, vina ndoano, ndivyo alivyovitoa mhandisi wa Uswisi George de Mestral kwenye manyoya ya mbwa wake mwaka 1941 akaviweka kwenye hadubini, na kutokea hapo ikaja Velcro, ule utepe wa kubandika na kubandua wa kwenye viatu na mabegi. Alichokiona yeye kwenye hadubini wewe utakipata kwa tyubu na utulivu.

Alizeti zilizokauka hesabu mistari inayozunguka, mara nyingi ni 34 upande mmoja na 55 upande mwingine. Hii ipige kavu, mwanga wa ubavuni, picha nyeusi na nyeupe inaipendeza kuliko rangi. Nyasi sina mengi, zipige na jua la nyuma, basi.

Kupanga tabaka

Ukikosa kabisa kuridhika na ile milimita moja, kuna njia ya kupiga picha nyingi za kitu kilekile, kila moja fokasi imesogea kidogo nyuma, afu kompyuta inachukua sehemu safi za kila moja na kuziunganisha. Helicon Focus na Zerene Stacker zimetengenezwa kwa kazi hii, Photoshop nayo inaweza, na kamera kadhaa zinasogeza fokasi zenyewe. Masharti: traipodi, mwanga usibadilike, kila kitu kwenye manyuali (useti mwenyewe, kamera isijiamulie) mpaka na rangi ya mwanga, na hatua kati ya picha na picha iwe ndogo kuliko unene wa fokasi ili zilaliane, ukiruka unapata mistari ya ukungu katikati ya tumba. Kwa tumba moja picha 10 hadi 30 zinatosha, kwenye f/5.6 au f/8 ambapo lenzi iko vizuri. Nje kwenye upepo sahau. Na tumba laini lisilo na nywele linaungana vizuri, ila mpira wa manyoya ni mateso, nyuzi zinapishana mbele na nyuma na programu haijui ipi ni ipi, utabaki na vivuli vya ajabu kuzunguka kila uzi, huo afadhali upige moja ya f/11 na uridhike.

Kwenye kuediti sina maneno mengi. Kata, rekebisha mwanga, ongeza ukali kidogo kwenye sehemu iliyo safi peke yake, usiongeze picha nzima maana bakgraundi itapata chenga. Angalia madoa, apecha ndogo inaonesha kila vumbi lililoko kwenye sensa na kwenye bakgraundi tupu yanaonekana kama upele.

Kabla hujaondoka piga pia picha moja ya mmea mzima na nyingine ya majani, haziwi nzuri lakini bila hizo kulitambua tumba pekee baadaye ni shida. Usikate tumba ili ulipige mezani kama uko kwenye hifadhi, na nje ya hifadhi pia kichwa cha mbegu unachokiondoa ni maua ya msimu ujao. Angalia ulipopiga magoti, huwa tunalinda ua moja tunakanyaga kumi. Afu kagua mkanda wa kamera, soksi na maungio ya traipodi, mbegu za kishona nguo zitoe hapohapo zilipoota, usiende kuzipanda sehemu nyingine, na zikiingia kwenye mguu wa traipodi unakwama kufunguka.